Kashfa ya Unyanyasaji Inapoikumba Timu ya Chuo Unayoishabikia: Mwongozo kwa Shabiki

Usiku wa tarehe 9 Novemba 2011, katika mji wa State College, Pennsylvania, maelfu ya wanafunzi walimiminika barabarani baada ya bodi ya Chuo Kikuu cha Penn State kumwondoa kazini Joe Paterno, mzee wa miaka 84 aliyekuwa kocha mkuu wa timu ya futiboli ya Kimarekani tangu 1966. Waliangusha nguzo za taa, wakalipindua gari la kituo cha televisheni, wakaimba jina la kocha wao. Siku nne kabla ya hapo, Jerry Sandusky, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, alikuwa amekamatwa kwa mashitaka ya kuwadhalilisha watoto wa kiume, na maelezo ya mashitaka hayo yalikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuyasoma. Sidhani kama waliokuwa wameyasoma kabla ya kutoka nje usiku ule walikuwa wengi.

Mwongozo huu ni kwa shabiki anayeamka siku moja na kukuta timu ya chuo aliyoipenda tangu utotoni imetajwa katika habari za aina hiyo. Msimamo wangu nautaja mapema. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Louis Freeh, iliyotolewa Julai 2012, ilihitimisha kwamba viongozi wa juu wa Penn State walificha mambo mazito ili kuepuka habari mbaya. Familia ya Paterno iliipinga ripoti hiyo, lakini hoja hiyo haijanitoka akilini. Habari mbaya ni mbaya kwa nani? Ni mbaya kwa sababu ya shabiki: mchango wake, tiketi zake, imani yake kwamba chuo chake ni safi kuliko vingine. Kwa hiyo namna shabiki anavyoipokea kashfa si jambo la pembeni. Viongozi walikwisha kuipigia hesabu siku walipoamua kunyamaza.

Soma kabla ya kusema

Jipe siku nzima ya kunyamaza, na siku hiyo uitumie kusoma. Sina maana ya wachambuzi wa michezo, wala taarifa ya chuo kwa vyombo vya habari, ambayo aghalabu huwa imepita mikononi mwa mawakili. Nina maana ya waraka wenyewe: maelezo ya mashitaka, hati ya madai iliyofunguliwa mahakamani, au ripoti ya wachunguzi ikishatolewa. Ni usomaji mzito, na mtu ambaye mwenyewe aliwahi kupatwa na madhila kama hayo ana kila sababu ya kuuacha.

Unaposoma, chukua karatasi na uandike mfululizo wa nani alimwambia nani, lini, na aliyeambiwa alifanya nini siku iliyofuata. Kwa Penn State mfululizo huo ni mfupi. Ijumaa usiku, Februari 2001, msaidizi kijana wa benchi la ufundi, Mike McQueary, anaingia katika chumba cha kubadilishia nguo na kumkuta Sandusky bafuni na mvulana. Jumamosi asubuhi anakwenda nyumbani kwa Paterno na kumweleza. Paterno anamweleza mkurugenzi wa michezo, Tim Curley. Curley anazungumza na makamu wa rais wa chuo, Gary Schultz, na suala linamfikia rais mwenyewe, Graham Spanier. Sandusky anaambiwa asiwalete tena watoto katika majengo ya michezo. Polisi hawaitwi. Hakuna anayehangaika kujua yule mvulana ni nani.

Ukishauona mfululizo huo kwa mwandiko wako mwenyewe, lile swali ambalo mashabiki wengi hulishikilia, yaani kama kocha alitimiza matakwa ya sheria, linapungua uzito. Paterno alimjulisha mkuu wake na hakushitakiwa, na mwenyewe alisema siku ile aliyoondolewa kwamba angetamani angefanya zaidi. Curley na Schultz walikiri mwaka 2017 kosa la kuhatarisha usalama wa mtoto, na Spanier alitiwa hatiani mwaka huohuo. Sheria inakuambia nani ashitakiwe; haikuambii nani ajengewe sanamu.

Tegemea pia kukuta kasoro ndogondogo, na usizifanye ngao. Maelezo ya kwanza ya mashitaka yalisema tukio la bafuni lilitokea 2002, na baadaye waendesha mashitaka walisahihisha kuwa ni 2001. Mtu mwenye moyo uliojeruhiwa huidaka kasoro kama hiyo kwa mikono miwili na kusema kwamba basi yote ni uongo. Juni 2012 baraza la wazee wa mahakama lilimkuta Sandusky na hatia katika makosa 45 kati ya 48, na Oktoba alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 30 na 60.

Vilevile, usitulie kwa kuambiwa kwamba mtuhumiwa alikwisha kuchunguzwa na kusafishwa. Sandusky alichunguzwa 1998 baada ya mama mmoja kulalamika, na hakushitakiwa. Larry Nassar, daktari wa michezo wa Chuo Kikuu cha Michigan State, alilalamikiwa 2014, uchunguzi wa chuo ukasema hakukuwa na kosa, naye akarudi kuwatibu wasichana kwa takriban miaka miwili mingine, hadi gazeti la Indianapolis Star lilipochapisha madai dhidi yake Septemba 2016. Kabla ya kuupokea uchunguzi wowote wa ndani, uliza ni nani aliyeufanya, alikuwa anaripoti kwa nani, na kama walalamikaji wenyewe walihojiwa kwa kina.

Subira hiyo inakata pande zote mbili. Mwaka 2006 wachezaji watatu wa timu ya lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu, ya Chuo Kikuu cha Duke walishitakiwa kwa ubakaji, msimu wa timu ukafutwa, kocha akalazimika kuondoka. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa North Carolina aliyafuta mashitaka na kutamka kwamba vijana hao hawakuwa na hatia, na mwendesha mashitaka aliyewafuatilia akavuliwa uwakili. Shabiki hahitaji kuwa hakimu. Anaweza kusema kwamba madai ni mazito, kwamba yachunguzwe na watu wa nje, na kwamba aliyelalamika aachwe salama, bila kutamka kuwa fulani ni mhalifu wala kuwa fulani anasingiziwa.

Chunga ulimi, kwa sababu anayekusikia hajakuambia

Hapa ndipo ninapowaomba mashabiki wakae kidogo. Sebuleni mnapotazama mechi, katika kundi lenu la simu, kwenye viti vya uwanja, kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja wenu amewahi kudhalilishwa na hajamwambia mtu. Leo anasikiliza mnavyomzungumzia mlalamikaji, na kutokana na maneno yenu anaamua kama atawahi kufungua kinywa.

Swali linalomuumiza zaidi ni lile la kwa nini mlalamikaji alikaa kimya miaka yote. Jibu lake si fumbo. Mwanamichezo wa chuo anategemea ufadhili wa masomo ambao benchi la ufundi lina sauti kubwa juu yake. Daktari wa timu ndiye anayeamua nani yuko fiti kucheza. Kocha ndiye anayeandika barua ya kumfungulia milango baadaye. Zaidi ya hayo, wengi walisema mapema na hawakusikilizwa. Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, ripoti ya Mei 2019 ilieleza kwamba daktari Richard Strauss aliwadhalilisha wanafunzi wa kiume wasiopungua 177 katika miaka yake ya kazi pale, na kwamba baadhi ya wafanyakazi wa chuo walikuwa na taarifa tangu 1979. Strauss alifariki 2005, kwa hiyo hakuna kesi ya jinai iliyowezekana. Baadhi ya walalamikaji wale walikuwa wanamieleka, vijana wenye misuli ya chuma, na bado kuna shabiki anayeuliza kwa nini hawakupigana. Mtu hapigani na daktari anayemwambia kwamba ndivyo vipimo vilivyo.

Acha pia kauli ya kwamba wanatafuta fedha. Ni kweli vyuo hulipa: Michigan State ilikubali mwaka 2018 kulipa dola milioni 500 kwa ajili ya madai dhidi ya Nassar, na Chuo Kikuu cha Michigan dola milioni 490 mwaka 2022 kwa ajili ya madai dhidi ya daktari Robert Anderson. Lakini fidia ni karibu njia pekee ambayo mahakama za madai zinayo ya kuilazimisha taasisi ikubali kuwajibika, na mtu anayeipokea ameilipia kwa kuhojiwa juu ya mambo ambayo wewe usingeyasimulia hata kwa ndugu yako.

Kuhusu majina, mwite mlalamikaji kabla ya hukumu. Mwite manusura ikiwa mwenyewe anajiita hivyo. Usitafute jina la asiyejitaja, na rafiki akikutumia jina au picha, usiipitishe kwa mwingine. Kijana ambaye malalamiko yake ndiyo yaliyoanzisha uchunguzi wa Sandusky aliripotiwa kuacha shule yake ya sekondari kwa sababu ya kuonewa na wenzake, ambao walimlaumu kwa kuondolewa kwa Paterno. Waliomwonea walikuwa mashabiki, tena watoto.

Siku ya mechi

Si lazima uache kwenda uwanjani. Wachezaji waliopo leo mara nyingi walikuwa watoto wakati uovu unatendeka, na kuwaadhibu wao hakumsaidii yeyote. Lakini ukienda, fikiria umevaa nini na unaimba nini. Novemba 2016, miezi michache baada ya Chuo Kikuu cha Baylor kumwondoa kocha Art Briles kufuatia uchunguzi kuhusu jinsi chuo kilivyoshughulikia madai ya ubakaji, yakiwamo yaliyowahusu wachezaji, fulana nyeusi zenye herufi za kifupi cha jina lake ziliuzwa nje ya uwanja. Agosti 2023, baada ya Chuo Kikuu cha Northwestern kumfukuza kocha Pat Fitzgerald kwa sababu ya madai ya uonevu wa wachezaji wapya, baadhi ya watu wa benchi la ufundi walivaa mazoezini fulana zenye namba yake ya zamani, 51, na maneno ya kwamba wao wanapambana na dunia nzima. Mkurugenzi wa michezo alizilaani hadharani. Mvaaji huenda alitaka tu kuonyesha mshikamano. Aliyeonewa alisoma kwamba yeye ndiye hiyo dunia inayopigwa vita.

Mfano wa kinyume upo palepale State College. Siku mbili baada ya ghasia, wanafunzi walikusanyika na mishumaa mbele ya jengo la utawala kwa ajili ya waliodhulumiwa. Kesho yake, katika mechi dhidi ya Nebraska, mashabiki walivaa buluu kama rangi ya kupinga ukatili dhidi ya watoto, na wachezaji wa timu zote mbili walipiga magoti pamoja katikati ya uwanja kabla ya mpira kuanza. Penn State walifungwa 17 kwa 14. Wahitimu wa chuo nao walichangisha zaidi ya dola 500,000 kwa ajili ya RAINN, shirika linalowasaidia waathiriwa wa ukatili wa kingono. Mji ni uleule na juma ni lilelile.

Mabishano ya sanamu na rekodi yataibuka, na yatakula muda mwingi kuliko yanavyostahili. Sanamu ya Paterno iliondolewa Julai 2012. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kikafuta ushindi wake 111, kisha kikaurudisha Januari 2015. Ukijikuta umebishana juu ya idadi hiyo kwa saa nzima bila kumtaja mtoto hata mmoja, badilisha mazungumzo.

Barua na mfuko wako

Shabiki anayechangia ana sauti, na sauti hiyo husikika zaidi ikiandikwa. Andika kwa mkurugenzi wa michezo na nakala kwa bodi ya chuo, ukurasa mmoja, bila matusi. Unaweza kuanza hivi: "Nimeichangia timu hii kwa miaka kadhaa. Nasimamisha mchango wangu hadi chuo kitakapotangaza kwa umma nani anafanya uchunguzi, lini ripoti kamili itatolewa, na walalamikaji wanapewa msaada gani." Usitishie usichoweza kukitekeleza. Usiombe kichwa cha mtu. Omba majibu yenye tarehe.

Kisha fuatilia. Sheria ya Clery ya 1990 inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kutoa ripoti ya usalama ya kila mwaka kufikia tarehe 1 Oktoba, na ripoti hiyo husomwa na yeyote. Penn State ilitozwa faini ya karibu dola milioni 2.4 mwaka 2016 kwa kuivunja, na Michigan State dola milioni 4.5 mwaka 2019. Kila chuo cha aina hiyo kinatakiwa pia kuwa na mratibu wa Title IX, sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, na jina lake linapaswa kupatikana bila shida. Likikupa shida kulipata, hilo nalo liingize katika barua yako.

Akikuambia wewe

Kashfa kubwa hufungua midomo iliyokuwa imefungwa. Huenda jamaa yako akakugeukia wakati mnatazama mechi na kusema kwamba hata yeye yalimpata. Usimwulize kwa nini hakusema, wala usimwombe maelezo ya kila kitu. Mwambie kwamba unamwamini na kwamba kosa si lake, kisha umwulize angependa nini kifanyike. Usimwahidi siri kabla hujajua kama kuna mtoto ambaye bado yuko hatarini, kwa maana hapo itabidi polisi au idara ya ulinzi wa watoto wajulishwe. Akiwa Marekani, RAINN hupokea simu saa zote kwa namba 800-656-4673, na mnaweza kuipiga pamoja. Zima televisheni kwanza, hata kama zimebaki dakika mbili.