Fizikia ya darasa la 12 Marekani: anzeni na hesabu

Wazazi wenzangu mlio Marekani, kijana akitaka uhandisi, kabla ya kuchagua fizikia ya darasa la 12 tazameni kwanza anasoma hesabu gani. AP Physics C (AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, yenye mtihani mwishoni) inatumia kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko, tangu mwanzo: hata swali la gari linalobadilisha mwendo linataka ajue kutafuta derivativu, yaani kiwango cha mabadiliko. Kama kalkulasi hajaisoma wala haisomi mwaka huohuo, msimlazimishe, jamani. AP Physics 1 inatumia aljebra, na inamjengea msingi mzuri. Ila vyuo vingi vya uhandisi haviikubali badala ya fizikia ya mwaka wa kwanza. Ulizeni pia shuleni: C ina mitihani miwili, mekanika (mwendo na nguvu) peke yake, umeme na sumaku peke yake. Je, wanafundisha yote?