Nyama ya ng'ombe na brokoli kwenye chungu cha umeme: mambo ya kuzingatia kabla hujawasha

Kabla hujanunua nyama, kabla hata hujatoa chungu kabatini, jiulize kwanza: nani atakuwepo jikoni nusu saa ya mwisho? Chakula tunachokizungumzia ni kile cha vipande vya nyama ya ng'ombe na brokoli vilivyozama kwenye sosi nyeusi ya soya, kama kinavyouzwa kwenye vibakuli vya kubeba katika migahawa ya Wachina wa Marekani. Ndani yake mna vitu viwili visivyoiva kwa mwendo mmoja. Nyama inataka saa kadhaa, brokoli inataka dakika chache, na chungu cha umeme kinachopika polepole hakina namna ya kuvitofautisha. Ukivitia vyote asubuhi ukaenda zako, jioni utakuta nyama laini ndani ya majimaji yenye mabaki ya kijani yaliyopauka. Maandalizi karibu yote ya chakula hiki yanahusu kupanga kipi kiingie lini, na mkono wa nani utakiingiza.

Jua pia unachoiga. Mgahawani nyama hukatwa nyembamba, hupakwa wanga, kisha hurushwa kwenye karai juu ya moto mkali kwa dakika chache tu. Ile harufu ya kuungua kidogo hutokana na joto ambalo chungu cha umeme hakilifikii. Nyama huanza kupata rangi ya kahawia na ladha ya kukaangwa sehemu yake ya nje inapofika nyuzi joto 140 hivi, na kitu kinachopikwa ndani ya majimaji hakivuki nyuzi 100. Kwa hiyo anayeitafuta harufu hiyo achukue karai, huku hataipata. Utakachopata huku ni sosi iliyoingia ndani ya nyama, ulaini, na tangawizi na kitunguu saumu vilivyokolea. Mimi naona hicho kinatosha kabisa kwa siku ambayo huna nguvu ya kusimama mbele ya moto.

Nyama ndiyo itakayoamua mengine yote, kwa hiyo ichague kwa kuangalia saa ulizonazo. Vipande vya bega na shingo vina tishu ngumu nyingi, na tishu hizo zikikaa kwenye joto la kuzidi nyuzi 70 kwa saa kadhaa huyeyuka na kuwa ute unaoilainisha nyama na kuitia sosi mng'ao. Hiyo ndiyo nyama iliyoumbiwa chungu hiki. Steki ya ubavuni, ambayo migahawa huipenda kwa karai, inafaa pia ikiwa utaipa saa mbili au tatu tu. Ukiiacha zaidi, inakauka na kuchambuka nyuzi nyuzi. Sarara usiitie humu. Haina cha kuyeyushwa, kwa hiyo utakuwa umelipia ulaini halafu ukaupika mpaka ukaisha.

Unene nao una hesabu yake. Bega lililokatwa vipande virefu vya unene wa sentimita 1 hivi huiva vizuri kwa saa nne hadi sita kwenye moto mdogo. Kama hutarudi mpaka jioni na chungu kitakaa saa nane, usikate vipande vyembamba kabisa. Acha mapande makubwa ya sentimita 4 au 5, uyapasue kwa uma baadaye. Hayatafanana na ya mgahawani, lakini yatalika kwa raha kuliko vipande vyembamba vilivyogeuka kamba. Kwa vyovyote, kisu kipite kwa kukatiza nyuzi za nyama, kisizifuate. Nyama ikikaa friza dakika 30 hadi 45 inakuwa ngumu kiasi cha kukatika kwa usawa bila kuteleza.

Hapo nimesema igande kidogo kwa ajili ya kisu tu. Nyama iliyoganda kabisa haitiwi kwenye chungu hiki. Chungu hupanda joto taratibu, na bonge la barafu huifanya nyama ikae muda mrefu kati ya nyuzi 4 na 60, ambako bakteria huzaliana kwa kasi. Iyeyushe ndani ya friji, na kilo moja uipe siku nzima. Kama utaikata usiku kwa ajili ya kesho, nyama ikae kwenye chombo chake na mboga kwenye chake, na ubao uoshwe kabla mboga hazijafika.

Je, uikaange kwanza? Si lazima. Lakini kama una dakika 10 na kikaango chenye moto mkali, ladha inaongezeka waziwazi, mradi usijaze kikaango, maana nyama iliyobanana hutoa maji na kujichemsha. Sharti ni moja: ikitoka kwenye kikaango iingie chunguni papo hapo. Kuikaanga nusunusu usiku, kuitia friji, kisha kuimalizia asubuhi ni tabia mbaya, kwa sababu joto la kikaango haliui bakteria wote na baadaye unawapa muda wa kuongezeka.

Sasa chungu chenyewe. Kinafanya kazi vizuri kikiwa kimejaa kati ya nusu na theluthi mbili. Gramu 700 za nyama, zinazotosha watu wanne, zinaenea vizuri kwenye chungu cha lita 3 au 4. Ukizitia kwenye cha lita 6 zitatandazika chini, sosi itaungua pembeni, na muda wa mapishi utakuwa mfupi kuliko ulivyosoma. Na usidhani moto mdogo na moto mkubwa vinaishia kwenye joto tofauti sana. Kwenye vyungu vingi vyote viwili hufikia karibu na kuchemka, ila kimoja kinachukua muda mrefu kufika huko. Ndiyo maana saa moja ya moto mkubwa huhesabiwa kama mbili za moto mdogo.

Kama chungu ni cha zamani au umekirithi kwa mtu, kijaribu siku ambayo huna haraka. Kijaze maji nusu, kifunike, kiache kwenye moto mdogo saa nane, kisha ingiza kipimajoto mara tu unapoinua kifuniko. Maji yakiwa chini ya nyuzi 85, chungu kimechoka na hakifai kwa nyama. Kichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuongezea, na kikae mbali na pazia. Lile bakuli la udongo wa kuchomwa halipendi kushtuliwa. Likitoka kwenye friji likakalishwa juu ya kitako kilichokwisha kupata moto, linaweza kupasuka.

Kinachochekesha ni kwamba kifaa hiki kilizaliwa kwa ajili ya maharage. Mmarekani Irving Naxon alipata hataza yake mwaka 1940 na akakiuza kama kifaa cha kupikia maharage. Kampuni ya Rival ilipokinunua ikakitoa upya mwaka 1971 kwa jina la Crock-Pot, na hapo ndipo kilipoenea majumbani. Kwa hiyo ukikuta brokoli imeharibika humo, usikilaumu sana. Kilitengenezwa kwa vitu vigumu visivyojali saa.

Kwenye sosi ndiko watu wengi wanakokosea vipimo, kwa sababu wanachukua vya mapishi ya sufuria ya kawaida. Sufuria ya wazi hupunguza maji kwa mvuke, chungu hiki kilichofunikwa karibu hakipunguzi chochote, na nyama nayo inaongeza maji yake. Kwa gramu 700, anza na nusu kikombe cha sosi ya soya, kikombe kimoja cha supu ya nyama isiyo na chumvi, sukari ya kahawia vijiko vitatu vya mezani, punje nne za kitunguu saumu na kijiko kimoja cha mezani cha tangawizi iliyokwaruzwa. Itaonekana kidogo unapoimimina. Usiongeze maji.

Neno "isiyo na chumvi" hapo juu lina sababu. Kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya soya ya kawaida kina takriban miligramu 900 za sodiamu, yaani gramu 2 na ushei za chumvi. Nusu kikombe ni vijiko vinane, kwa hiyo umeshatia gramu 18 hivi. Wagawie watu wanne, kila mmoja anapata zaidi ya gramu 4 kwenye sahani moja, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Tafuta sosi ya soya iliyopunguzwa chumvi, na ukikosa, tumia robo kikombe ya ile ya kawaida na ujazie kwa supu. Chumvi ya ziada, kama itahitajika, inaonjwa mwishoni.

Waulize wageni wako kabla hujapika. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, kwa hiyo asiyeweza gluteni, ile protini ya ngano, haimfai. Sosi ya chaza, ambayo mapishi mengi huongeza, ni hatari kwa mwenye mzio wa vyakula vya baharini vyenye magamba. Mafuta ya ufuta nayo kuna watu wenye mzio nayo. Mambo haya hayaondoleki yakishaingia kwenye chungu.

Uzito wa sosi unatokana na wanga wa mahindi, na wanga hauingii asubuhi. Ukipikwa saa nyingi hulegea na sosi kurudi kuwa maji. Tenga vijiko vitatu vya mezani kwenye kibakuli, ukoroge kwa maji baridi ya kiasi hicho hicho dakika chache kabla ya kuutia. Ukiumimina mkavu kwenye sosi ya moto utapata mabonge yasiyovunjika. Ukishautia, pandisha kwenye moto mkubwa, funika, uache dakika 20 hadi 30. Usiwe na wasiwasi ukiona dakika 10 zimepita na sosi bado nyepesi, kwani kuinua kifuniko kumepoteza joto na chungu kinalirudisha kwa taabu. Kwa sababu hiyo hiyo usichungulie saa za katikati. Kila ukifunua, hesabu umejiongezea kama dakika 20. Mafuta ya ufuta, kijiko kimoja cha chai, yaingie mwisho kabisa, maana harufu yake haivumilii.

Mboga sasa. Karoti, ukiipenda humo, iingie mwanzoni pamoja na kitunguu, tena ilazwe chini, nyama juu yake. Mizizi migumu huchelewa kuiva kuliko nyama, na chini ndiko kwenye moto. Pilipili hoho inasubiri nusu saa ya mwisho. Brokoli ina njia mbili. Unaweza kuitia pamoja na wanga katika zile dakika 20 hadi 30 za mwisho, au unaweza kuipika kwa mvuke kando dakika tatu au nne na kuichanganya wakati wa kupakua. Mimi ni wa njia ya pili. Rangi ya kijani ya brokoli huharibiwa na joto la muda mrefu, na ndani ya chungu kilichofungwa ile harufu yake ya kiberiti haina pa kutokea. Ya kugandishwa imeshapitishwa kwenye maji ya moto kiwandani, kwa hiyo iyeyushe, ichuje maji, na dakika 10 zinaitosha.

Ukitaka kula saa moja jioni, nyama ya bega iliyokatwa vipande ianze saa saba na nusu mchana kwenye moto mdogo. Saa kumi na mbili na nusu unatia wanga, unapandisha moto, na unabandika wali. Kama wakati huo hakuna mtu nyumbani, chagua mapande makubwa na chungu kinachojihamishia chenyewe kwenye hali ya kutunza joto, kisha ukirudi umalize wanga na brokoli. Ile hila ya kupanga chungu kijiwashe saa sita mchana wakati nyama imewekwa saa moja asubuhi iache. Nyama mbichi haikai nje ya friji zaidi ya saa mbili.

Umeme ukikatika ukiwepo, hamishia kila kitu kwenye sufuria na umalizie kwenye jiko jingine mara moja. Ukikatika hukuwepo, na saa ya ukutani inawakawaka bila kukuambia ulikosekana muda gani, mwaga, hata kama chakula kinaonekana kimeiva.

Andaa pia vyombo vya kubakizia. Viwe vifupi kwenda chini, ili chakula kipoe upesi, na kiingie friji ndani ya saa mbili baada ya kuzima. Kitafaa siku tatu hadi nne. Wali upozwe haraka zaidi, kwa sababu una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka na huamka ukiachwa vuguvugu. Kesho yake pasha kwenye sufuria ya kawaida mpaka kifuke mvuke kote, si kwenye chungu cha umeme, kinachokawia mno kupandisha joto. Ukijua tangu mwanzo kwamba nusu italiwa kesho, pika kwa mvuke nusu ya brokoli leo, nyingine uiache mbichi kwenye friji.