Likasi, Kambove na Kipushi: jinsi ya kutembelea majengo ya enzi za Wabelgiji ukitokea Lubumbashi

Anzia kwenye njanja (reli). Wengi hushuka Likasi wakaelekea moja kwa moja kwenye nyumba kubwa za wazungu, wakapiga picha kumi, wakarudi Lubumbashi bila kujua kwa nini mji umekaa hivyo. Reli ilitoka upande wa Zambia ya leo, ikapita Sakania, ikafika Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910, Kambove 1913 na Bukama 1918. Mji ulifuata reli. Simama gari (stesheni) uangalie pande zote: upande mmoja kuna maduka ya zamani, posta na kanisa, upande mwingine, nyuma ya kiwanda au ya uwanja ulioachwa wazi makusudi, ndiko kwenye kampo za wafanyakazi. Uwanja ule wazi ulitenganisha wazungu na weusi. Siku hizi mara nyingi umejaa soko au nyumba mpya, lakini barabara zake zilizopinda bado zinausaliti.

Kabla ya yote, karatasi. Andika barua moja fupi inayosema wewe ni nani, unatafuta nini, kartie (mtaa) gani na tarehe gani, kisha upige kopi tano. Likasi unaanzia ofisi ya meya, halafu komini, yaani sehemu ya mji, unayokwenda (ziko nne: Likasi, Panda, Shituru na Kikula). Kambove na Kipushi unakwenda kwa AT, mkuu wa teritwari. Kopi moja ni ya ANR, idara ya usalama wa taifa. Mgeni wa nje ya nchi apite DGM (uhamiaji) pia. Omba muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako mwenyewe, maana hiyo ndiyo utakayoonyesha njiani. Shefu wa kartie mwachie wa mwisho, lakini usimruke: kijana mwenye kamera asiyejulikana na shefu huitiwa polisi ndani ya nusu saa. Fika ofisini Jumatatu au Jumanne asubuhi. Ijumaa mchana anayesaini huwa ameshaondoka.

Usipige picha daraja, kambi ya askari, kizuizi cha barabarani, wala stesheni ikiwa mlinzi amekataa. Viwanda na mashimo ni mali ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, au ya makampuni mengine; mgodi wa Kipushi ulirudi kazini mwaka 2024, kwa hiyo mnara wake utauangalia kutoka barabarani tu. Shinkolobwe, uliotoa urani ya bomu la Hiroshima, umefungwa kisheria. Usikubali mtu wa pikipiki anayesema anajua njia ya nyuma.

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti. Majani yako chini, udongo mkavu, na asubuhi kuna baridi ya kutosha kuhitaji koti. Kuanzia Novemba mvua huharibu barabara za Kambove, na makaburi ya zamani hufunikwa na majani marefu yenye nyoka. Makaburini vaa buti hata wakati wa jua.

Sasa nyumba zenyewe. Chukua mita ya kukunja, daftari na penseli (kalamu ya wino huharibika kwa jasho na vumbi). Pima unene wa ukuta kwenye fremu ya mlango, kwa sababu plasta ya nje hudanganya. Angalia tofali mahali plasta imeanguka: matofali mengi ya zamani ya Katanga yalichomwa kwa udongo wa vichuguu, ambao hushikana vizuri. Baraza pana, matundu ya hewa juu karibu na dari na sakafu iliyoinuliwa ni dalili za miongo ya mwanzo. Madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo yalienea baadaye. Ukikuta nguzo nyembamba za zege, kuta za matofali yenye matundu na paa linaloinama kuelekea katikati, uko kwenye miaka ya 1950. Nyumba moja mara nyingi ina enzi mbili au tatu, kwa hiyo andika tarehe ya kila sehemu, usiipe nyumba nzima mwaka mmoja. Paa la eterniti lililovunjika usiliguse wala kulipanda: huenda lina asbesto.

Watu wengi hawaangalii reli yenyewe. Kwenye shingo ya chuma, kati ya kichwa na kitako, kuna herufi zilizoinuka: jina la kiwanda, uzito wa aina ya reli na mwaka ilipotengenezwa. Pakaa chaki juu yake kwa ubavu, au subiri jua la saa kumi jioni linalopiga kwa pembeni, na maandishi yatatoka. Fanya hivyo kwenye njia isiyotumika au kwenye reli iliyogeuzwa nguzo ya uzio; njia kuu ya SNCC, shirika la reli la taifa, bado inapitisha treni. Kumbuka pia kwamba reli huhamishwa. Mwaka ule ni wa kiwandani, hauthibitishi siku ilipolazwa pale.

Kampo zinahitaji muda mrefu kuliko nyumba za mabosi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilianza kutaka wafanyakazi wakae na familia zao, na ndipo nyumba za matofali zenye mistari iliyonyooka zikaongezeka. Zilizo nyingi sasa ni lupango (viwanja vya makazi) za watu. Bisha hodi, salimia kwanza: «Jambo mama, jambo baba, tunaomba ruhusa». Mzee aliyefanya kazi Gécamines usimuulize mwaka. Muulize kama ilikuwa mbele ya dipanda (uhuru), wakati wa Tshombe, Katanga ilipojitenga (1960 hadi 1963), au wakati wa Mobutu. Majibu hayo huwa sahihi kuliko tarehe. Kwenye ramani za zamani tafuta Jadotville: Likasi ilirudishiwa jina lake mwaka 1966, mwaka uleule Élisabethville ilipoitwa Lubumbashi.

Kutoka Lubumbashi, Likasi iko kilomita 120 hivi kwa lami ya barabara kuu ya N1, na Kambove ni kama 25 zaidi. Kipushi, kilomita 30 upande wa pili, inatosha kwa siku moja peke yake. Usiiunganishe na Likasi siku hiyohiyo. Beba franka ndogondogo, na dola zisizo na hata mpasuko mdogo, maana zilizochanika hakuna atakayezipokea. Likasi uondoke kabla ya saa tisa mchana. Malori ya madini hujaa jioni, na mengine hayana taa za nyuma.