Kulala kwenye kibanda cha msituni kisicho na umeme: anza na mwanga wa jua

Watu wakiniuliza habari za kulala kibandani msituni, hutaka orodha ya vitu vya kubeba. Mimi huwauliza kwanza watafika saa ngapi. Mahali pasipo na swichi wala bomba, kazi ile ile inayokuchukua dakika kumi mchana hula saa nzima gizani, tena kwa kupapasa. Ndiyo maana mwongozo huu umefuata jua.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoka nyumbani

Mwambie mtu mmoja unakwenda wapi, unapita njia ipi, unarudi lini, na saa ambayo akiona kimya atafute msaada. Mwandikie, asibaki kukumbuka. Pakua ramani kwenye simu na ubebe nyingine ya karatasi. Muulize mwenye kibanda maswali matatu: maji yako wapi, kuni zipo, na jiko lina bomba la moshi? Neno "lipo jiko" halitoshi, kwani huenda likawa la gesi lililokwisha gesi.

Hatua ya 2: Fika saa mbili kabla ya giza

Saa hizo mbili zihesabu kuanzia mlangoni pa kibanda, usizihesabu kuanzia pale njia ya miguu inapoanzia. Kibanda kikiitwa "karibu na mwanzo wa njia", kinaweza kuwa dakika tano, na kinaweza kuwa mwinuko wa nusu saa ukiwa na dumu la maji mkononi. Ukiacha gari, zima simu au iweke kwenye hali ya ndege. Simu inayohangaika kutafuta mtandao humaliza chaji upesi.

Hatua ya 3: Fungua, kisha utoke

Mlango na madirisha yote wazi, nawe kaa nje nusu saa. Kibanda kilichofungwa kwa wiki kadhaa kina wapangaji wake, hasa panya. Ukikuta kinyesi chao, usichukue ufagio! Vumbi lake likipanda unalivuta, na katika sehemu nyingine za dunia panya hueneza hantavirusi, virusi vya ugonjwa hatari, kwa njia hiyo hiyo. Changanya dawa ya klorini ya maji ya kung'arishia nguo sehemu moja kwa maji sehemu tisa, lowesha, subiri dakika tano, futa kwa karatasi ukiwa na glavu. Baada ya hapo ning'iniza chakula chote au kifunge kwenye chombo kigumu. Mfuko wa plastiki kwa panya ni mlango tu.

Hatua ya 4: Maji kabla ya moto

Teka ya usiku mzima na ya asubuhi. Hakuna anayefurahia kushuka mtoni na tochi. Yakiwa na matope, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe: dakika moja tangu yaanze kutokota kwa nguvu, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kupata joto lile la bondeni. Vichujio vingi vya mkononi huzuia bakteria na vimelea lakini virusi hupita. Na kama usiku kuna barafu, lala na kichujio chako ndani ya begi la kulalia. Maji yaliyobaki ndani yakiganda hupasua nyuzi zake, na kwa macho hutaona kitu.

Hatua ya 5: Moto

Hapa ndipo nilipoaibika. Safari yangu ya pili nilifika magharibi, nikawasha jiko la kuni kwa haraka, na moshi wote ukarudi chumbani. Kilango cha bomba kilikuwa kimefungwa, nami kwa giza sikukiona. Nililala na madirisha wazi kwenye baridi, macho mekundu kama pilipili.

Kwa hiyo anza na kilango: kifungue, chungulia ndani ya bomba, angalia nje kama ndege hawajajenga kiota juu yake. Kisha chagua kuni. Gonga vipande viwili. Vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito uliokufa. Kavu pia huwa na nyufa kwenye ncha.

Bomba likiwa baridi, hewa iliyomo ni nzito na husukuma moshi urudi chini. Sokota karatasi, iwashe, ishike karibu na mdomo wa bomba mpaka uone mwali unavutwa juu. Sasa panga: magogo mawili chini, kuni nyembamba juu yake, vijiti vya kuwashia juu kabisa, na uwashe huko juu. Wengi hupanga kinyume. Moto unaoshuka taratibu hutoa moshi mdogo, wala hukai ukiufungua mlango wa jiko kila dakika.

Jambo moja halina mjadala. Jiko la mkaa halilali ndani, hata likibaki na makaa mawili tu, wala jiko la gesi la kambi halitumiki kupasha chumba joto. Moto huo hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ukisikia kichwa kinauma na kichefuchefu, tokeni nje nyote kwanza, maswali baadaye. Beba kengele ndogo ya betri ya kuitambua gesi hiyo. Uzito wake haufiki wa kopo la maharage.

Hatua ya 6: Usiku

Tochi ya kichwani iwe shingoni hata ukilala. Viatu vikung'ute kabla ya kuvivaa. Acha dirisha wazi kwa upana wa vidole viwili, la sivyo pumzi zenu zitageuka matone ukutani. Choo cha shimo utakizoea. Mwaga kikombe cha udongo kila ukimaliza. Wengine hutumia majivu, nayo yanafaa yakiwa yamepoa kabisa, kwani humo shimoni mna karatasi.

Hatua ya 7: Kuondoka

Majivu ndiyo kazi ya mwisho na ndiyo inayounguza vibanda. Kaa dogo lililofunikwa na majivu hubaki hai kwa siku kadhaa. Yachote kwa koleo, yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, na ndoo ikae juu ya jiwe au udongo, mbali na baraza la mbao. Takataka zote rudi nazo. Acha fungu la vijiti vikavu kando ya jiko kwa anayekuja baada yako, huenda naye akafika magharibi.

Mtandao ukirudi, kabla ya kusoma ujumbe wowote, mpigie yule uliyemwachia saa ya kutafuta msaada.