Ukitaka kufungua kampuni ndogo ya upimaji ardhi vijijini, anzia hapa

Wengi wanaoniuliza kuhusu hii kazi wanaanza na mashine, ninunue GPS ipi, totali stesheni (mashine ya kupima pembe na umbali) ya mtumba inafaa au la. Mashine utapata tu, hata ya kukodi. Miaka yote hii kijijini kilichonila muda ni kutafuta bikoni za zamani (alama za kona za mpaka wa shamba, kama vigingi vya chuma au mti), kupima kwenyewe mara nyingi ni saa chache tu, na usipolijua hilo mapema utapiga kotesheni za hasara miaka nenda rudi.

Kwa hiyo usitoze kwa ekari. Shamba la ekari 2 ambalo kona zote zimepotea linaweza kukula siku nyingi kuliko la ekari 50 lenye bikoni zake zote. Kabla hujataja bei omba hati na ramani ya zamani, tafuta na vipimo vya mashamba ya jirani, halafu nenda ukalizunguke kwa miguu na mwenye shamba. Hapo ndo uandike kotesheni, useme wazi unachofanya na usichofanya (kusuluhisha ugomvi wa mpaka sio kazi yako), na uchukue advansi. Anayegoma kutoa hata kidogo mwanzoni, mwishoni utamkimbiza sana.

Sasa bikoni yenyewe. Hesabu za ramani zikufikishe karibu, kisha pitisha kitambua chuma. Kikilia, au hata kisipolia, usianze kufukua na jembe kwa fujo, chukua koleo bapa ukwangue udongo kidogo kidogo huku unaangalia rangi. Kigingi cha mti kikioza kinaacha duara jeusi la udongo laini, chuma kikilika kinaacha wekundu wa kutu. Ukilipiga jembe hilo duara, ushahidi umekwisha na haurudi. Piga picha kabla hujagusa chochote, na tepu pembeni.

Ukiikuta bikoni asilia haijahamishwa ila namba za ramani zinapishana nayo kidogo, usikimbilie kuing'oa. Sheria za sehemu nyingi zinaipa bikoni asilia nguvu kuliko namba, na ina mantiki, wazee walipima kwa mnyororo na tepu ya chuma, na tepu ya chuma ya mita 30 joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi inarefuka kama milimita 3.5, yaani kwenye kilomita moja umeshapishana sentimita 12 hivi bado hujahesabu mabonde na vichaka.

GPS za sentimita (zile zenye usahihi wa sentimita chache) ni tamu uwanda wazi. Chini ya miti inaweza kukuonyesha kila kitu kiko sawa huku inadanganya, kwa hiyo rudia pointi baada ya saa moja hivi satelaiti zikiwa zimehama, zikitofautiana toka nje weka totali stesheni.

Majirani waite kabla ya kuweka kigingi kipya, sio baada. Pia hao ndo wateja wako wa kesho.

Mwisho kumbukumbu, hapa ndo faida ya kampuni ndogo ilipo, maana kazi ya pili eneo lilelile unaanza na pointi ulizokwishazipima. Daftari la penseli, skani, kopi mbili sehemu tofauti. Na faili zipange kwa eneo, sio kwa jina la mteja, mashamba yanabadilisha wenyewe kila siku.