Methotreksati: dawa ya siku moja kwa wiki

Wanaotibiwa baridi yabisi au soriasisi mara nyingi huanzishiwa dawa ambayo kwenye boksi imeandikwa Methotrexate. Ni dawa nzuri na ya miaka mingi, inayotuliza kinga ya mwili iliyogeuka na kushambulia viungo au ngozi. Kosa linaloua watu kwa dawa hii linajulikana: kuimeza kila siku badala ya mara moja kwa wiki.

Chanzo cha kosa hilo ni mazoea ya bahasha. Tumezoea kusoma 1×3 au 2×2, yaani vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku. Mgonjwa wa dozi ya miligramu 15 humeza vidonge 6 vya miligramu 2.5 kwa pamoja, kisha hukaa siku sita bila kuigusa. Bahasha ikiandikwa 6×1, nani asiyesoma "sita kila siku"? Kabla hujatoka dirishani mwombe mfamasia aandike kwa maneno kamili: "Vidonge 6, Ijumaa tu." Asipotaka, andika mwenyewe palepale, mbele yake.

Chagua siku ambayo huwezi kuisahau: Ijumaa kwa anayekwenda msikitini, Jumapili kwa wa kanisani, au siku ya gulio. Ikate kwenye kalenda ya ukutani kila ukishameza. Anayefunga Ramadhani anaweza kumeza usiku baada ya kufuturu, mradi anywe maji ya kutosha hadi daku.

Angalia pia uzito wa kidonge kila unapochukua dawa mpya, hasa ukibadilisha duka. Vipo vya miligramu 2.5 na vya miligramu 10, na mara nyingi vyote ni vidogo vya njano. Vidonge sita vya 10 ni miligramu 60, ilhali dozi ya magonjwa haya kwa kawaida huwa kati ya 7.5 na 25 kwa wiki. Usalama zaidi ni kubaki na 2.5 peke yake nyumbani.

Pamoja nayo utapewa foliki, yaani vidonge vya asidi ya foliki (Folic Acid), mara nyingi miligramu 5 mara moja kwa wiki, siku tofauti na ya methotreksati. Baadhi ya madaktari huiandika kwa siku nyingi zaidi. Foliki hupunguza kichefuchefu, vidonda vya mdomoni na madhara kwenye ini. Nayo ni ya njano! Usiviweke kwenye kichupa kimoja, wala usiache methotreksati juu ya meza pamoja na dawa za kila siku za presha au kisukari.

Ukigundua umeimeza siku mbili au tatu mfululizo, nenda hospitali siku hiyohiyo na boksi mkononi, hata kama huumwi popote. Chembe za damu huchukua siku kadhaa kushuka, na wakati huo ndipo watu hujidanganya kuwa wamenusurika. Dawa ya kuokoa ipo, inaitwa asidi ya foliniki, na hufaa zaidi ikiwahi. Si ile foliki ya kwenye bahasha. Usijitibu kwa kumeza nyingi.

Kusahau ni jambo jepesi zaidi. Kama siku yako ni Ijumaa, unaweza kumeza Jumamosi au Jumapili. Ikifika Jumatatu, iache mpaka Ijumaa inayofuata. Usimeze dozi mbili kufidia. Usiiongeze pia kwa sababu maumivu hayajapungua: huanza kusaidia baada ya wiki 6 hivi, na wengine hungoja miezi mitatu.

Methotreksati hubana foleti, vitamini ambayo seli huihitaji ili zigawanyike. Ndiyo maana uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), mdomo na utumbo, ambako seli huzaliana haraka, ndiko huumia kwanza. Sasa Septrin nayo hubana foleti, na SP, ile Fansidar ya zamani, vilevile. Septrin huuzwa kama karanga kwa kikohozi, kuharisha na UTI. Ikikutana na methotreksati inaweza kuangusha chembe za damu hadi kuua. Usimeze hata kwa siku tatu. Mwenye VVU anayetumia Septrin ya kinga amwambie daktari kabla ya kuanza. Dawa mseto ya malaria, yaani ALu, haina tatizo hilo.

Figo ndizo zinazoitoa mwilini, kwa hiyo ukitapika au kuharisha sana na kuishiwa maji, ruka dozi ya wiki hiyo na upige simu kliniki. Diklofenaki na ibuprofeni usijinunulie; daktari anaweza kukuandikia kwa kuwa anapima figo zako, na hapo ni jambo jingine. Kwa maumivu madogo tumia Panadol. Pombe iache, maana ini tayari lina mzigo. Mitishamba isiyojulikana kilichomo iache pia.

Kabla ya kidonge cha kwanza dai vipimo: picha kamili ya damu (FBP), ini, figo, homa ya ini B na C, na picha ya kifua kwa ajili ya TB. Baadaye damu, ini na figo hupimwa kila baada ya wiki mbili mwanzoni, kisha kila mwezi, na hali ikitulia kila miezi mitatu. Asiye na uwezo wa kupima aseme mapema, apangiwe dawa nyingine.

Homa ya nyuzi 38, koo kuuma, vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu, macho kuwa ya njano, kikohozi kikavu na pumzi kukatika: lolote kati ya haya, simamisha dozi na nenda hospitali. Wakikuta malaria watibu, lakini omba damu ipimwe pia, kwa kuwa kipimo cha malaria kikitoka chanya watu huacha kutafuta kingine. Ukipewa antibayotiki, daktari ndiye aseme lini urudi kwenye dozi.

Mjamzito haitumii kabisa, kwani huua au kulemaza mimba, wala anayenyonyesha. Anayetaka kuzaa huiacha miezi 3 hadi 6 kabla, kwa ratiba ya daktari, na mpaka hapo hutumia uzazi wa mpango wa uhakika. Kwa sababu hiyohiyo usisage vidonge, vumbi lake lisimfikie mjamzito.

Chanjo zenye kirusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, usichome bila daktari wako kuridhia. Ukisafiri kwenda nchi inayodai cheti cha homa ya manjano, omba mapema barua ya daktari ya kukusamehe chanjo, na uulize ubalozi kama wataipokea kabla hujanunua tiketi.