Kufunga waya wa ethi wa injini kwenye gari la zamani

Stata (mota inayozungusha injini ili iwake) ikizunguka kwa uvivu, au kebo ya choki (ile unayovuta injini ikiwa baridi) ikipata moto unapowasha gari, usikimbilie kununua betri. Anza na waya wa ethi wa injini, yaani waya mnene unaounganisha injini na bodi. Injini imekalia raba, na raba haipitishi umeme. Mkondo wote wa stata, unaozidi ampea 100 kwa urahisi, hurudi kwa waya huo. Ukikatika au ukiliwa na kutu, umeme hupita kwenye kebo ya choki, ya akseleta au ya spidomita, na kebo hizo zinaweza kuungua.

1. Pima kabla ya kufungua chochote. Weka gia huru, vuta breki ya mkono. Chomoa waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili (inayotengeneza umeme wa plagi) na uufunike kwa utepe, ili injini isiwake. Weka mita kwenye volti za DC: ncha moja iguse nguzo ya betri ya upande wa ethi (ule wenye waya unaokwenda kwenye bodi; gusa nguzo yenyewe, si kibanio chake), nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Ukisoma volti 0.2 au chini, ethi ni nzima. Ikipita 0.5, kuna hitilafu. Rudia kati ya nguzo na bodi, kisha kati ya bodi na injini, ujue tatizo liko kipande gani.

2. Fungua kibanio cha betri cha upande wa ethi. Hapa angalia vizuri: magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana ethi ya chanya, yaani nguzo chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kwa hiyo usifuate mazoea ya kutoa hasi. Fuata waya unaokwenda kwenye bodi.

3. Chagua waya. Mimi napendelea ule bapa wa shaba uliosukwa na kupakwa bati, kwa sababu unastahimili mtikisiko. Usipungue milimita za mraba 16. 25 ni bora zaidi. Urefu uache ulegevu kidogo, kwani injini hujipinda kila unapokanyaga mafuta. Ila waya usigusane na bomba la ekzosi.

4. Safisha. Kazi yenyewe iko hapa, na hapa ndipo wengi wanapolipua kazi. Waya mpya juu ya rangi hausaidii kitu. Tumia brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, pande zote mbili, kwenye eneo linalotosha kichwa kizima cha waya. Safisha pia uzi wa bolti. Gari likipakwa rangi upya, sehemu hii husahaulika mara nyingi, ndiyo maana gari linalopendeza kwa nje linaweza kugoma kuwaka.

5. Funga kwa bolti nzito ya injini au ya giaboksi, kamwe si skrubu ya bati. Weka washa yenye meno ili ing'ate chuma. Kaza, kisha ndipo upake grisi au vaselini juu ya maungio kuzuia unyevu.

6. Rudisha betri na urudie kipimo cha kwanza, koili ikiwa bado imechomolewa. Kama kipimo hakijashuka, fungua tena usafishe upande wa bodi. Mara nyingi kutu hubaki huko. Kikishuka, rudisha waya wa koili.